Rudini mlango uleule: barua ya wazi kuhusu njaa ya Nairobi na jinsi tunavyoipima

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu,
Kwa Waziri wa Kilimo,
Kwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi.
Nakala: Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame.

KUH: KUPIMA WEPESI WA WANANCHI KUANGUKIA NJAA, MWAKA BAADA YA MWAKA

Waheshimiwa,

Mimi ni karani wa hojaji. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupiga hodi kwa watu nisiowajua, kuwaomba dakika arobaini, na kuwauliza wamekula nini. Nimezunguka Mukuru kwa Njenga, Viwandani, Korogocho na Kayole, zamani na makaratasi, siku hizi na tableti. Kandarasi huwa za wiki tatu, nyingine za mwezi, na zikiisha narudi kwa kibanda changu cha mboga. Sina shahada ya takwimu. Ila majibu nimeyasikia mengi, na mengine hayakuwa na kisanduku cha kuyatia.

Nawaandikia kwa sababu ya maziwa ya chai.

Miaka michache iliyopita nilimhoji mama mmoja wa Mukuru. Hapa nitamwita Mama Kevo, ingawa silo jina lake. Chumba cha mabati, futi kumi kwa kumi, pazia katikati, jiko la mafuta ya taa karibu na mlango. Hojaji ilikuwa ile ya siku saba mnayoijua: tunataja kundi la chakula, mtu anasema alilila siku ngapi kati ya saba, kila kundi lina uzito wake, tunazidisha, tunajumlisha. Ugali na nafaka nyingine uzito wake ni 2. Maharagwe na jamii ya kunde 3. Mboga 1, matunda 1. Nyama, samaki na mayai 4. Maziwa 4. Mafuta nusu, sukari nusu.

Ugali? Siku saba. Mboga? Sukuma, siku saba. Mafuta ya kupikia? Yale ya kupima, siku zote, na sukari pia. Maharagwe hakuna, maana maharagwe hula mafuta yake ya taa kabla yeye hajayala. Akitamani githeri hununua iliyokwisha chemshwa, na wiki hiyo hakununua. Nyama au samaki? Akacheka kidogo, akasema omena mara mbili. Maziwa?

"Ya chai tu, dada. Hayo nayo ni maziwa?"

Pigeni hesabu pamoja nami. Ugali 14, mboga 7, mafuta 3.5, sukari 3.5, hiyo ni 28. Omena mara mbili ni 8. Jumla 36. Sasa, mistari ya kugawia watu iko ya aina mbili. Pale ambapo mafuta na sukari ni vya nadra, mtu akipita 35 huhesabiwa kuwa anakula vya kutosha. Pale ambapo huliwa karibu kila siku, mistari hupandishwa hadi 28 na 42. Kwa ule wa kwanza Mama Kevo anakula vya kutosha. Kwa ule wa pili yuko mpakani. Wiki ambayo omena imekosekana, 28 zake zitamweka mpakani kwa mistari ya kwanza na kwenye ulaji duni kwa ile ya pili.

Maziwa je? Mwongozo unasema tone la maziwa kwenye chai ni kama kiungo, halihesabiwi, kwa hiyo nikaandika sifuri. Mwenzangu aliyekuwa ng'ambo ya mtaro alikuwa akiandika 7, kwa hoja kwamba chai ya maziwa ni chai ya maziwa. Saba mara nne ni 28. Kwa mkono wake Mama Kevo angepata 64, akaketi kundi moja na mimi mwenye kibanda, na pengine hata nanyi.

Tuligundua tofauti hiyo jioni, tukila mandazi stejini tukingoja matatu. Msimamizi alisema tutasawazisha kesho. Kesho yake hojaji za siku mbili zilikuwa zimeshatumwa.

Kwa utafiti wa mara moja, kasoro kama hiyo mtu anaweza kuivumilia, akaandika maelezo chini ya jedwali, maisha yakaendelea. Balaa huja pale mnapoichukua takwimu ya mwaka huu, mkaiweka kando ya ile ya miaka mitatu nyuma, kisha mkatangaza kwenye taarifa ya saa moja kwamba hali imeimarika. Imeimarika hali au amebadilika karani? Ukiwa na mikono miwili inayoandika maziwa kwa namna mbili, huwezi kujua. Na mbaya zaidi, hakuna atakayeuliza.

Msidhani ni ushamba wetu. Mwaka 2009 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba wenye njaa duniani wamepita bilioni moja. Mwaka 2012 likabadilisha njia ya kukokotoa, na kile kilele cha 2009 kikasawazika kwenye mchoro. Mwaka 2020 takwimu za China zilirekebishwa, na hesabu ya dunia ikashuka kutoka zaidi ya milioni 800 hadi kama milioni 690. Hakuna mtu aliyeongezewa sahani katika siku hizo mbili. Ila wao walifanya jambo moja la heshima: kila walipobadilisha kipimo, walirudi nyuma wakaikokotoa upya miaka yote iliyotangulia kwa kipimo kipya. Kwetu, ripoti mpya ikitoka ile ya zamani hufungiwa kabatini na maswali yake.

Kuna kipimo kimoja cha Kenya ambacho mimi nakiamini, nacho ni urefu wa watoto. Utafiti wa afya ya jamii wa 2008 na 2009 ulikuta watoto 35 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Wa 2014 ukakuta 26. Wa 2022 ukakuta 18. Naamini hizo namba kwa sababu ya ubao. Mtoto analazwa au anasimamishwa kwenye ubao, kichwa kinashikwa, sentimita zinasomwa, na ubao haujali mimi ni karani wa zamani au wa jana. Hongera zinawastahili wote waliohusika, na nazitoa bila kinyongo.

Ila ubao husema yaliyopita. Mtoto aliyedumaa anakuambia kuhusu mimba ya mamake na uji wa miaka miwili ya kwanza. Hausemi nani ataanguka mwezi ujao. Na hilo la mwezi ujao ndilo naomba tulizungumze, maana watu wengi, wakiwemo wasomi, huchanganya kuwa na njaa na kuwa karibu na njaa.

Nirudi Mukuru. Mkabala na Mama Kevo aliishi fundi wa kuchomelea, na mkewe, na watoto wawili. Naye alipata 36. Namba ileile, na pengine omena ilitoka kwa muuzaji yuleyule. Lakini fundi ana wazazi Kakamega, na kila mavuno gunia la mahindi hupakiwa juu ya basi likaja. Mkewe yuko kwenye chama cha akina mama ishirini, akipata zamu yake anaweza kulipa kodi ya miezi miwili. Mama Kevo alikuwa akifua nguo Eastleigh kwa siku, ushago kwao shamba lilishauzwa, na chama alitoka aliposhindwa kuchanga. Wiki moja ya kuugua tu ilitosha kumwangusha yeye. Fundi angeugua mwezi mzima, angeyumba, angesimama. Kwenye tableti yangu nyumba hizo mbili ni pacha.

Huo wepesi wa kuanguka hauonekani kwa kutembelea mara moja. Unaonekana kwa kurudi. Ukirudi baada ya miezi mitatu, sita, mwaka, utajua nani aliyumba, nani aliinuka na alichukua muda gani. Nchi ikitangaziwa kwamba theluthi ya kaya zina upungufu wa chakula mwaka huu, na theluthi tena mwaka ujao, bado hujaambiwa kama ni kaya zilezile zimekwama shimoni au ni zamu, hawa wanatoka wale wanaingia. Dawa ya hao wa kwanza si dawa ya hawa wa pili. Wa kwanza wanahitaji msaada wa kudumu. Wa pili wanahitaji kitu cha kushika siku ya kuteleza. Tukihoji watu wapya kila mara, kama tunavyofanya, hatutajua kamwe.

Hata maswali yenyewe hupotoka yakiulizwa mara moja. Chukueni ile hojaji fupi ya mbinu za kujinusuru, yenye maswali matano. Kula chakula cha bei ya chini kuliko unachopenda, uzito 1. Kupunguza kiasi sahanini, 1. Kuruka mlo, 1. Kukopa chakula au kuomba kwa jamaa, 2. Watu wazima kujinyima ili watoto wale, 3. Jumla ikipanda, hali ni mbaya.

Hilo la kujinyima huwa nalisoma kwa sauti ya chini. Kuta za mabati zina masikio, na hakuna mama atakayesema mbele ya watoto kwamba ile "nimeshiba" yake ya jana usiku ilikuwa uongo. Wengi hujibu kwa macho. Nifanyeje, niandike macho?

Lakini lililoninyima usingizi ni la kukopa. Pale mtaani watu hukopa kwa duka, kwa daftari. Unga wa leo, sukari ya kumi, sabuni, vyote vinaandikwa, vinalipwa kibarua kikilipa. Mwezi Mama Kevo alipokopa siku nne kwa wiki, swali hilo pekee lilimpa 8. Sasa fikirini mwenye duka amechoka, amefunga daftari, amemwambia lete pesa kwanza. Wiki inayofuata hakopi hata siku moja. Nane zimekuwa sifuri. Kwenye jedwali lenu mama huyu ameimarika, na kumbe kamba ya mwisho aliyoning'inia imekatwa. Anayerudi mlango uleule atauona mkato huo. Anayefika mara moja ataandika sifuri na kushukuru.

Sasa nije kwa jiji letu.

Nchi hii ina mfumo mzuri wa kufuatilia ukame, nami nausifu. Kaunti 23 za maeneo kame zinafuatiliwa kila mwezi. Mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua ndefu na baada ya mvua fupi, timu hushuka nyanjani na kupanga hali ya kila eneo kwenye ngazi tano za kimataifa, ngazi ambazo asili yake ni kazi iliyofanywa Somalia mwaka 2004. Huko Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, setilaiti hutazama ukijani wa malisho, na ukijani ukishuka chini ya kiwango, kaya za ziada huingizwa kwenye malipo ya fedha kabla mifugo haijaisha. Huo ndio upimaji ninaouomba: kipimo kilekile, mahali palepale, kila mwezi, na kikifika alama fulani pesa zinatoka bila kungoja hotuba.

Mwanzo wa 2023, baada ya misimu mitano ya mvua kufeli, mfumo huo ulikadiria watu milioni 5.4 watakuwa kwenye ngazi ya tatu, ya mgogoro wa chakula, au mbaya zaidi. Hesabu hiyo ilikuwa ya kaunti za ukame. Nairobi haimo katika hizo 23. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 4,397,073, na setilaiti ikipita juu yetu inaona mabati. Sisi hatuna nyasi za kugeuka kahawia.

Njaa yetu ina kalenda nyingine, haifuati mvua. Tarehe tano ni kodi. Kodi hailali, maana kea-teka, msimamizi wa nyumba, atafunga mlango kwa kufuli yake na vyombo vyako vikiwa ndani, kwa hiyo mtu hulipa nyumba kwanza na tumbo baadaye. Kuanzia tarehe ishirini mitaa hubadilika harufu. Vitunguu vinapungua kwenye mafuta, uji unarudi jioni. Januari ni karo, sare na madeni ya Krismasi, na wananchi wenyewe walishaupa mwezi huo jina, Njaanuari, bila kungoja mtaalamu. Hojaji ya siku saba ukiiuliza tarehe saba, na mwaka ujao ukaiuliza tarehe ishirini na saba, utapata janga ambalo halikutokea. Ukigeuza, utapata nafuu ambayo haikutokea. Nimewahi kutumwa hivyo, na shirika lililonituma, ambalo silitaji, lilichapisha mchoro wenye mshale unaopanda.

Ukambani walikuwa na desturi ya kuzipa njaa majina. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliiita Nikwa Ngwete, yaani nafa huku nimeshika, wakimaanisha pesa mkononi na chakula hakuna sokoni. Nairobi ni kinyume. Ukishuka Marikiti saa kumi na moja alfajiri, nyanya zinakanyagwa kwa wingi. Muthurwa viazi vimerundikwa hadi barabarani. Chakula kipo, mkono ndio mtupu. Mwanauchumi Amartya Sen aliishuhudia njaa ya Bengal ya 1943 akiwa mtoto, na baadaye akaonyesha kwamba watu wanaweza kufa kwa mamilioni mahali ambapo chakula hakijapungua kwa kiasi hicho, kwa sababu hawawezi kukinunua. Kwa hiyo magunia tuliyovuna, ambayo Waziri wa Kilimo hutusomea kila msimu, ni habari njema kwa mkulima. Kwa mtu wa Viwandani hayasemi kitu mpaka uyageuze kuwa bei ya pakiti moja na uiweke kando ya kibarua cha siku.

Bei nazo zina vituko vyake. Kapu la bidhaa mnalotumia kupima mfumuko wa bei lilibadilishwa, na chakula na vinywaji visivyo vileo vikashuka kutoka asilimia 36 ya kapu hadi kama 33. Kwa taifa zima sibishani. Lakini nendeni mkaangalie kapu la mtu anayefua nguo kwa siku. Mwenye kipato cha chini Nairobi mna fahirisi yake peke yake, mmekuwa nayo miaka mingi, na sijui kwa nini haisomwi kwenye taarifa ya habari mwisho wa mwezi badala ya ile ya jumla. Hata hiyo, mtu wa chini hanunui lita, ananunua kipimo. Mafuta ya ishirini, sukari ya kumi, majani ya tano. Yakijumlishwa yanagharimu kuliko pakiti. Bei ikipanda, mwenye duka habadilishi ile kumi, anabadilisha kijiko. Mkaguzi wa bei akipita atakuta sukari bado ni ya kumi.

Mei 2017 pakiti ya kilo mbili ya unga, iliyokuwa imepita shilingi 150, ilishushwa kwa ruzuku hadi 90. Julai 2022, ikiwa imepita 200, ikashushwa hadi 100. Mwaka ule wa pili nilizunguka maduka manne ya Kayole nikiutafuta huo unga wa mia, nikapata rafu tupu na mwenye duka anayecheka. Bei rasmi ya bidhaa isiyokuwepo huandikwaje? Naona pia kwamba miaka yote miwili ilikuwa ya kura ya Agosti. Njaa ya Nairobi ina bahati hiyo, kila baada ya miaka mitano watu huiona vizuri sana.

Katikati ya hapo giza huwa nene. Utafiti mkubwa wa bajeti za kaya ulifanywa 2005/06, ukarudiwa 2015/16. Miaka kumi. Katikati tulipitia machafuko ya baada ya uchaguzi, kupanda kwa bei za chakula duniani mwaka 2008, na ukame wa 2009 na wa 2011. Tangu 2019 mmeanza kuhoji kwa mwendelezo zaidi, na hilo ni jema. Lakini vipimo vingine vingi tunavyovitegemea vililipiwa na Marekani. Januari 2025 mtandao wao wa kutahadharisha njaa, uliokuwepo tangu 1985, ulizimwa ghafla, na miezi ikapita kabla ya kuwaka tena. Mwezi mmoja baadaye mpango wao uliokuwa ukisaidia tafiti zile za afya ya jamii, zenye ubao wa watoto, nao ukasimamishwa. Wenzangu kadhaa walipigiwa simu waambiwe warudishe tableti. Mtu akikupimia mtoto wako kwa ubao wake, siku akiondoka anaondoka na ubao.

Sitaki mnielewe vibaya, kupima hakushibishi mtu. Somalia ilionywa mapema, onyo baada ya onyo kuanzia 2010, njaa ikatangazwa rasmi Julai 2011, na baadaye ikakadiriwa kwamba watu 258,000 walikufa, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Kipimo kilikuwepo. Ndiyo maana nasema alama ya kutoa pesa iandikwe kabla, kama ile ya nyasi za Turkana, ili kusiwe na kikao cha kujadili kama kaya za Korogocho zina njaa au zina njaa kidogo.

Ninachoomba basi.

Nairobi iingizwe kwenye tathmini zile mbili za mwaka, mtaa kwa mtaa, si kama kaunti moja, kwa sababu wastani wa Karen ya matajiri na Korogocho ni chakula kizuri sana. Kaya zichaguliwe mara moja na zirudiwe, maswali yaleyale, wiki ileile ya mwezi, kwa angalau miaka mitano. Swali likilazimika kubadilika, la zamani na jipya yaulizwe pamoja kwa msimu mmoja ndipo la zamani listaafu. Mwongozo wa maziwa ya chai uandikwe kwa Kiswahili chepesi na usomwe kwa sauti kila asubuhi kabla makarani hawajatoka. Gharama itoke kwenye bajeti yetu. Katiba, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha cha ubora unaokubalika. Haki isiyopimwa mtu ataidai vipi mahakamani?

Msiniambie haiwezekani katika mitaa ya mabanda. Korogocho na Viwandani kaya zilifuatiliwa kwa miaka mingi kuanzia 2002 na kituo cha utafiti kilicho hapahapa Nairobi, waliozaliwa, waliokufa, waliohama. Njia inajulikana.

Ugumu upo, siufichi. Watu huhama. Mwisho wa 2021 Mukuru kwa Njenga nyumba zilibomolewa kupisha barabara, na milango yenye namba zetu za chaki ikaenda na tingatinga. Mafuriko ya 2024 yalizoa ya Mathare. Mtasema basi tuwafuate kwa simu. Sawa, ila kumbukeni simu ndiyo huuzwa mwanzo. Kabla ya godoro, kabla ya jiko, simu. Orodha ya simu pekee itakupotezea wale wanaoanguka, ikubakizie waliosimama, na takwimu zako zitazidi kupendeza. Chukueni namba ya simu, ya jirani, ya mchungaji, ya mwenye duka. Na mtu asipopatikana, kutopatikana kwake kuandikwe kama jibu.

Mheshimiwa Gavana, wewe una kitu ambacho wengine hawana. Watoto wa shule za umma jijini wanakula mchana kwa shilingi tano za mzazi, wakigusisha bangili ya mkononi kupata sahani. Kila siku ya shule bangili zinahesabu. Mtoto ambaye bangili yake inakosa salio kuanzia tarehe ishirini ya kila mwezi anatuambia jambo ambalo mamake hataniambia mimi. Zitazameni hizo namba shule kwa shule, majina yakiwa yamefichwa, na asiwepo mwalimu wa kumwaibisha mtoto kwa salio. Hiyo nayo ni setilaiti, na tayari imeshalipiwa.

Na mkishapata majibu, yarudisheni. Kila mtaa nilioingia nimeambiwa, "Nyinyi mnaandika, mnaenda." Bango moja ukutani kwa chifu, kwa Kiswahili, lenye namba ya mwaka jana na ya mwaka huu, lingetosha kunipunguzia aibu ya kupiga hodi.

Mwaka mmoja baada ya kumhoji Mama Kevo nilipita tena pale, kwa kazi ya shirika jingine. Orodha ilikuwa mpya, nyumba yake haimo. Nilienda kwa muda wangu wa chakula cha mchana. Mlango ulikuwa uleule, namba yangu ya chaki imefifia lakini inasomeka, na ndani alikuwa kijana anayechajia watu simu. Mke wa fundi alinieleza kwamba mama alihama usiku, kodi ya miezi miwili juu yake, hakuaga. Wengine wanasema Kariobangi, wengine wanasema Machakos. Kwenye faili la shirika lile la kwanza, kama bado liko kwenye laptopu ya yeyote, yeye ni 36 na anakula vya kutosha.

Mke wa fundi yupo bado, na simu yake ninayo. Yuko tayari kuhojiwa tena.

Wenu mtiifu,
Karani wa hojaji,
Nairobi